Mpasha Gitaa

Kaka yangu hakuwahi kushika gitaa baridi. Tangu aanze kupiga, na alianza kabla hajaota ndevu, lilipashwa moto na mtu mwingine, yeye akaja kulichukua likiwa tayari, kama bwana anayesogea mezani chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Kwanza lilipashwa na mimi, kwa sababu mimi ni mdogo wake, na nyumbani kwetu mdogo ndiye aliyetumwa kila kitu. Kisha likapashwa na wifi yangu, mpaka wifi akapata akili, akabeba sanduku lake akaondoka. Kazi ikamwangukia binti yao, na huyo hakuwa na sanduku wala pa kwenda.

Mimi ni mwimbaji. Bendi yetu ni watu wanne tu, tunapiga kwenye hoteli na harusi na popote watu wanapotaka muziki wa kulia chakula. Mazoezi tunafanyia chumba cha nyuma cha karakana ya seremala: sakafu ya saruji, dirisha moja lenye kioo kilichopasuka, harufu ya gundi, na baridi isiyotoka humo hata jua likiwa utosini. Gitaa letu si la umeme. Ni la mbao tupu, na mbao ina kiburi chake. Ukilitoa kwenye mfuko ukalipiga papo hapo ndani ya chumba kile, sauti inatoka imeziba, nyuzi zinahama katikati ya wimbo, na anayeonekana hajui kazi ni mwimbaji. Kwa hiyo kwamba gitaa lipashwe moto, sibishi. Ninabisha juu ya namna kaka alivyotaka lipashwe.

Watu wanamwita Profesa, naye hajawahi kumkataza mtu. Kila siku ya mazoezi binti yake alitangulia kufika. Alichemsha maji kwenye jiko la seremala, lile la kuyeyushia gundi, akayatia kwenye beseni na kuliweka nje, uani, karibu na benchi la baba yake. Kisha akaingia ndani, akafungua mfuko, akalipakata gitaa bila kulipiga, tumbo la gitaa juu ya tumbo lake, mpaka mbao ikapata joto la mwili. Akafuta nyuzi kwa kitambaa, moja moja. Akazikaza, akazilegeza, akazikaza tena. Ndipo akaanza kupiga kwa ncha za vidole, akipanda ngazi ya sauti na kushuka, uzi kwa uzi, kwanza polepole kisha kwa kasi, akibembeleza, mpaka lile gitaa linafunguka na chumba chote kinajua.

Muda wote huo Profesa alikuwa nje, mikono ndani ya beseni, akipiga soga na seremala kuhusu wanasiasa. Vidole vikishalainika alijifuta, akaja mpaka mlangoni, akakohoa. Mara moja tu. Hakuwa na kikohozi, afya yake ilikuwa ya farasi. Kikohozi kile kilikuwa amri. Binti alikisikia, akaacha pale pale alipofika, hata kama kidole kilikuwa bado hewani, akainuka kwenye kiti, akamkabidhi gitaa na kwenda kusimama ukutani. Hakuruhusiwa kumalizia. Na juu ya yote, hakuruhusiwa kupiga wimbo.

"Wimbo wa kwanza wa siku ni wa mwenye gitaa," kaka alikuwa akisema, na kidole juu. "Mpashaji akiupiga, ameshaula. Mimi nitabaki na makombo."

Nimeuliza wapiga gitaa wengine. Hakuna aliyewahi kusikia sheria hiyo. Kaka aliitunga mwenyewe, na binti aliiamini kwa sababu aliipata kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mpiga besi wetu, mtu asiye na kifuniko mdomoni, ndiye aliyempa jina. "Jiko limewaka?" alikuwa akiuliza akiingia. "Jiko, leo umepika nini?" Tukacheka. Mwenyewe naye akacheka. Jina likamganda, na nadhani siku hizi hata mwenye duka anakofanya kazi ya kushona sare za shule anamwita hivyo hivyo.

Msifikiri hakuwahi kujaribu. Alijaribu mara moja, alipokuwa bado msichana wa shule. Alidhani baba yake amechelewa. Nilikuwa nimeketi pale nashona kifungo cha gauni langu, na nikasikia ngazi zile za kila siku zinageuka, zinalainika, zinakuwa wimbo. Wimbo wangu mimi, ule tunaofungulia harusi. Aliupiga vizuri kuliko baba yake, nasema hivi mchana kweupe na kaka akisoma asome. Niliweka sindano chini nikafungua mdomo niimbe.

Profesa alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakupiga kelele, hakumchapa. Afadhali angemchapa. Alichukua koleo la seremala, akalilaza gitaa mezani, akakata nyuzi zote, moja baada ya nyingine, akisubiri kila moja iache kutetemeka kabla ya kukata inayofuata. Akazikunja, akamwekea binti viganjani. "Beba wimbo wako," alisema. Kisha akatufukuza, akasema hana gitaa la kufanyia mazoezi. Tulipiga harusi ile ya Jumamosi kwa nyuzi mpya ambazo hazijazoea, tukaaibika, na kila tulipoaibika alimtazama binti pale nyuma ya viti. Nilipokwenda nyumbani kwao kumsema, alinijibu kwa methali. Samaki mkunje angali mbichi, dada.

Basi alikunjika. Tangu siku ile hata kuimba bafuni aliacha.

Miaka ikapita, binti akawa mwanamke mzima, na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Profesa vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Beseni halikusaidia. Mafuta hayakusaidia. Daktari alivibonyeza, akavivuta, akamwambia havitanyooka tena. Mkunja samaki kakunjwa mwenyewe. Watu waliniambia pole, nikapokea pole yao, na moyoni sikuwa na machozi hata ya kukopa.

Wakati huo huo tukapata kazi ya maana. Hoteli mpya ilitaka bendi ya kudumu, kila mwisho wa wiki, na mwenye hoteli alitaka kutusikia Jumamosi. Kiongozi wetu ni mpiga dramu, mtu mpole mwenye watoto wengi, na mtu mwenye watoto wengi hana nafasi ya kusubiri vidole vya mwenzake. Alinivuta pembeni uani.

"Dada, nisikilize," alisema. "Mimi Jiko sina shida naye. Kila siku namsikia anavyopasha, naona kabisa kuna kitu pale. Kesho aje apige. Nyimbo tatu tu, mwanzo mpaka mwisho. Akiweza, kiti ni chake. Si cha muda, chake kabisa."

"Na asipoweza?"

"Kuna kijana wa bendi ya kule chini, nimeshaongea naye. Usinione mbaya."

Sikumwona mbaya. Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu na viatu vya kisigino, nilikimbia mpaka nyumbani kwa kaka. Nilimkuta binti anapiga pasi shati la baba yake, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Aliisimamisha pasi. "Shangazi, mimi?"

"Wewe. Kwani humu ndani kuna nani mwingine?"

"Wimbo mzima?"

"Nyimbo tatu nzima. Unazijua?"

Alitazama kwanza mlango wa chumba cha baba yake. Kisha akazitaja, na hakuzitaja kwa majina tu, alizitaja sehemu kwa sehemu: hapa besi inaingia, hapa Shangazi unavuta pumzi, hapa baba hukosea kila siku na kuficha kwa kupiga mguu chini. Alijua kila kitu. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya meza ya kupigia pasi. Kisha akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka juu ya mikono. "Shangazi, nataka," alisema. "Nataka sana, mpaka naogopa." Sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu, hata soda.

Mlango ukafunguka. Profesa alikuwa amesikia, kuta zile ni za mbao nyembamba. Nilijiandaa kwa vita, nimeshashika kiuno.

"Nenda," alisema. "Chukua gitaa langu. Leo usiliguse, lipumzike. Kesho ni lako."

Nilibaki nimeshika kiuno bila kazi.

Kesho yake tukakutana wote. Binti alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe na kulificha kwa sababu hakuwa na pa kulivaa. Mpiga besi alipiga mluzi, akasema, "Leo jiko la gesi!" na hata Kiongozi akacheka. Profesa alifika ndani ya shati lililopigwa pasi jana, akachukua kibao, akakiweka mlangoni kabisa, akaketi.

"Mwanangu," alisema. "Usikimbilie nyimbo. Pasha kwanza, kama siku zote. Usiruke hatua."

Mwanangu! Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Na ushauri wenyewe ulikuwa wa haki, mpiga gitaa gani asiyepasha? Kiongozi alikubali kwa kichwa. Nami nikaenda kuchemsha maji, nikamletea binti beseni, nikamsugua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu vya sindano na nyuzi. Alitazama mikono yake ndani ya maji kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Yana joto," aliniambia, kwa mshangao kabisa. Miaka yote ile amechemsha maji, hakuwahi kuingiza mikono yake.

Akalipakata gitaa. Akafuta, akakaza, akalegeza. Akapanda, akashuka. Seremala alizima mashine yake ya kuranda, akaja kusimama dirishani na vumbi la mbao kwenye nyusi.  Lile gitaa lilifunguka kuliko siku yoyote, na nilimwona Kiongozi akishika vijiti vyake akitabasamu peke yake. Kazi ya hoteli ilikuwa mkononi.

"Tayari?" akauliza Kiongozi.

"Tayari," akasema binti.

Kiongozi akahesabu. Binti akaingia na utangulizi wa wimbo wangu, ule ule wa harusi. Nikavuta pumzi. Besi ikaingia. Nikafungua mdomo.

Profesa akakohoa.

Binti aliinuka. Hakufikiri, miguu ilimwinua. Alivuka chumba na gauni lake la bluu, akaliweka gitaa kwenye mapaja ya baba yake, taratibu, akaenda kusimama ukutani. Mpiga besi alipasuka kicheko, mjinga yule, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wa binti, akarudi kwenye besi yake.

"Samahani," alisema binti. "Samahani Kiongozi. Narudia." Akalichukua gitaa. Kaka alimwachia bila kinyongo, mkono wazi, mpole kabisa.

Wakaanza tena. Utangulizi, besi, pumzi. Profesa akakohoa tena, na mguu wake mmoja umeshapanda juu ya mwingine kwa raha. Binti aliinuka nusu, akajikaza, akaketi, lakini mikono ilikuwa imeshatoka kwenye nyuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimwendea kaka pale mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu angefufuka kuyasikia. Nikamshika ukosi wa lile shati lililopigwa pasi, nikamtoa nje mpaka uani, na kibao chake nikamtupia.

"Nimekohoa tu," alisema. "Mtu haruhusiwi kukohoa?" Akatikisa vumbi kwenye suruali, akaenda zake barabarani. Nilimtazama mpaka akapinda kona. Nikarudi, nikafunga mlango kwa komeo.

"Ameondoka," nilimwambia binti. "Nimemwona kwa macho yangu. Piga."

Akapiga. Utangulizi ulitoka safi. Besi ikaingia, nikaingia mimi, nikaimba mstari wa kwanza, na nikaona anainua uso kuutazama mlango. Vidole vikapunguza mwendo. Nikaimba kwa nguvu zaidi, nimvute. Vikapungua tena, vikawa vinarudia sauti ile ile moja, vinasubiri, na mwisho vikaacha.

"Usitazame mlango," alisema Kiongozi, kwa upole. "Nitazame mimi."

Wakarudia. Akamtazama yeye. Alifika pale pale, na safari hii alifumba macho na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Nyuzi zikaacha. Seremala dirishani alikuwa ameshikilia fremu. Nilimwona binti anajaribu, jasho lilimtoka puani, mkono wa kushoto ulikuwa juu ya nyuzi na haukushuka.

"Shangazi," alisema, "simsikii."

"Hayupo! Nimekwambia hayupo!"

"Najua hayupo." Akafungua macho. "Ndiyo maana sijui niachie wapi."

Tulijaribu wimbo wa pili. Tulijaribu wa tatu. Tulimgeuza ampe mlango mgongo, tulizima taa, mpiga besi akatoka kabisa akaenda kulinda nje, maskini, akijaribu kufidia kicheko chake. Hakuumaliza hata mmoja. Mwisho Kiongozi aliviweka vijiti juu ya ngoma, polepole visilie, akasema atapiga simu. Hakumtazama yeyote wakati anasema. Simlaumu, na ninamlaumu.

Niliporudi kwa kaka kumrudishia gitaa lake nilitamani kulivunjia kichwani pake. Alikuwa anakula. "Nilijua hataweza," alisema. "Nilitaka tu na ninyi mjue." Nikamwuliza kwa nini, mtoto wako mwenyewe, damu yako. Alifikiri, alifikiri kweli, kijiko kikiwa hewani. "Mimi nimeshindwa kupiga," alisema. "Sasa yeye aketi kwenye kiti changu, mimi nikae wapi?" Akaendelea kula. Sijaweka mguu nyumbani kwake tangu siku hiyo.

Kijana wa bendi ya kule chini alikuja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alijifungua haraka. Anapiga vizuri, mwenye hoteli alitupenda, na sasa tuna kazi ya kudumu na mpiga besi amenunua viatu. Kijana mwenyewe ni mtu wa adabu. Mchana anafanya kazi ghala la vifaa vya ujenzi, anafika kwenye mazoezi akikimbia, mikono imeganda, na gitaa analoliacha pale karakana likiwa baridi.

Wiki iliyopita nilichelewa mimi. Nikapita uani, nikasikia ngazi zinapanda na kushuka, uzi kwa uzi, nikajua ni mikono ya nani. Binti alikuwa amekaa ndani amelipakata gitaa la kijana. Beseni lilikuwa uani, linafuka mvuke. Kijana akafika, akaingiza mikono majini, akafumba macho kwa utamu. Kisha akaingia ndani na kusimama kando ya kiti.

"Malizia tu," alimwambia. "Sina haraka."

Binti alikuwa ameshainuka.

Sikuimba vizuri siku ile. Mazoezi yalipokwisha nilimshika mkono, tukatoka pamoja, na kabla hatujafika barabarani nilikuwa nimeshaanza kufoka. Una akili kweli? Kiti kile kilikuwa chako! Umetoka kwa mmoja umejipeleka kwa mwingine kwa miguu yako, nani amekutuma? Nilifoka mpaka watu wakageuka.

Alisubiri nimalize. Hana haraka, hajawahi kuwa nayo. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu.

"Shangazi, usikasirike," alisema. "Huyu anasema tafadhali."

Na alikuwa na furaha. Nilimtazama vizuri, nikitafuta uongo, nikitafuta hata uchungu kidogo wa kunifariji, sikuuona. Furaha tupu, uso mzima. Kaka yangu mengine yote huenda siku moja nikamsamehe. Ile furaha, simsamehe.